Mvua, Shule, Bei na Safari: Kumlisha Sungura wa Mugutha na Kumbadilishia Chakula

Mhadhara kwa wafugaji wadogo, wazazi na wanafunzi



Nimeombwa nizungumzie lishe ya mnyama mdogo wa nyumbani. Ulaya na Marekani mhadhara wa namna hii ungemhusu hamsta, mnyama wa jamii ya panya anayefugwa kwenye kizimba sebuleni na kuficha nafaka mashavuni. Karibu hamsta wote wa dhahabu wanaofugwa majumbani huko ni uzao wa kiota kimoja kilichofukuliwa karibu na mji wa Aleppo, Syria, mwaka 1930, katika safari ya mtaalamu wa wanyama Israel Aharoni. Hapa kwetu Mugutha, upande wa Ruiru, Kiambu, hamsta ni nadra. Mtoto wetu akililia mnyama wa kumwita wake, hununuliwa sungura. Basi leo nitamzungumzia sungura, na kabla ya kumaliza nitawagusia wanyama wengine wadogo, kwa kuwa kinachomfaa mmoja huweza kumdhuru mwingine.

Hoja yangu ni moja. Sungura anapokufa huku sahani yake imejaa, aghalabu tunasema ni baridi, au tunasema sungura ni mnyama dhaifu. Mara nyingi kilichomuua ni kubadilishiwa chakula ghafla. Na mabadiliko hayo hayaji ovyo. Huletwa na mambo manne ambayo kila nyumba ya hapa inayajua: mvua, shule, bei na safari. Mambo hayo yana majira yake, na chenye majira kinaweza kutayarishiwa.

Malisho yamekwenda wapi?

Upande huu wa Ruiru ulikuwa nchi ya kahawa na mkonge. Aina ya kahawa inayoitwa Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilipatikana katika kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo hapa jirani. Baada ya barabara kuu ya Thika kuzinduliwa Novemba 2012, mashamba yalikatwa vipande upesi. Palipokuwa na mistari ya mibuni pana ploti za futi hamsini kwa mia, nyumba za kupanga, na maduka ya vifaa vya ujenzi.

Sungura alifaa sana katika maisha haya mapya. Hapigi kelele, kwa hiyo jirani halalamiki wala mwenye nyumba hana neno. Kizimba chake kinaingia nyuma ya jiko. Mimba yake huchukua siku 31 hivi. Hula magugu ambayo mtu angeyang'oa na kuyatupa. Shuleni nako anajulikana tangu zamani kupitia vyama vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ambavyo serikali ilivifufua mwaka 2021. Wapo wanaomfuga kwa nyama, wapo wanaomfuga kwa mbolea na mkojo wa kunyunyizia mboga, na wapo ambao mtoto ameshampa sungura jina, kwa hiyo hachinjiki tena.

Lakini ploti zilizomleta sungura ndizo zilizoondoa majani yake. Mtoto aliyekuwa akikata gunia la majani nyuma ya nyumba leo anatembea hadi kando ya mto au kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajajenga. Siku majani yakipatikana, sungura anakula majani. Siku yasipopatikana, anapewa peleti, yaani vidonge vya chakula cha kiwandani. Siku pesa ya peleti ikikosekana, anapewa kabichi iliyobaki jikoni na kipande cha ugali. Mnyama huyu anabadilishiwa chakula mara nyingi kuliko mnyama mwingine yeyote nyumbani, ilhali ndiye mwenye tumbo lisilostahimili mabadiliko.

Tumbo lenyewe

Sungura hacheui kama mbuzi. Tumbo lake ni moja, na hawezi kutapika, kilichoingia hakirudi. Kazi kubwa ya kuyavunja majani hufanyika nyuma, katika utumbo kipofu, mfuko unaobeba takriban asilimia 40 ya vyote vilivyomo katika njia yake ya chakula. Humo wanaishi bakteria wasiohesabika, na wao ndio wanaochachusha nyuzi za majani na kuzigeuza kuwa lishe.

Wanaojua kutengeneza uji wa kuchacha wataelewa mara moja. Kibuyu kilichozoea unga wa nyumba fulani kina chachu yake. Ukikitia unga uleule, kila asubuhi unapata uji mzuri. Ukikimiminia ghafla kitu kingine, tuseme sukari kilo nzima, kilichomo kitafura povu na kuharibika.

Ndivyo inavyokuwa ndani ya sungura. Bakteria wake wamezoea chakula fulani. Wanga mwingi au majani mabichi mno yakiingia kwa wingi, mengine hupita bila kumeng'enywa na kufika katika utumbo kipofu. Bakteria wabaya, kama yule aitwaye Clostridium spiroforme, hupata nafasi, huzaana na kutoa sumu. Gesi hujaa, choo huwa maji, na mnyama aliyekuwa akirukaruka jioni anaweza kukutwa amekufa asubuhi. Walio hatarini zaidi ni watoto wa sungura katika wiki chache baada ya kuachishwa kunyonya, kwani bakteria wao bado hawajatulia.

Yapo mambo mawili zaidi juu ya mwili huu ambayo mfugaji anapaswa kuyajua.

La kwanza ni choo. Sungura ana choo cha aina mbili. Kile kikavu cha vidonge vya mviringo tunakifahamu. Cha pili hutoka zaidi usiku au alfajiri: vichala vidogo, laini, vyeusi, vinavyong'aa. Hicho hukila moja kwa moja kinapotoka. Wazazi wengi wakimwona hudhani ni uchafu au ni njaa, wakamfukuza. Mwacheni. Ndani yake mna protini iliyotengenezwa na bakteria, pamoja na vitamini za kundi B na vitamini K. Ukikikuta kila asubuhi kimesambaa kizimbani hakijaliwa, hiyo ni habari: huenda amenenepa asifikie nyuma, au unampa peleti na vitu vitamu kupita kiasi.

La pili ni meno. Sungura ana meno 28, na yote hukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka milimita 2 hivi kila wiki. Kinachoyasaga ni kutafuna nyasi, kwenda kushoto na kulia, saa nyingi za siku. Peleti hutafunwa kidogo tu na kumezwa. Sungura asiyepata nyasi meno yake ya nyuma huota ncha kali, zikamchoma ulimi na mashavu, naye akaacha kula.

Sahani ya kila siku

Nyasi kwanza. Kiasi cha sehemu nne katika tano za chakula cha sungura mkubwa ziwe nyasi, na zisimwishie mchana wala usiku. Nyasi kavu za boma Rhodes zinafaa sana. Nyasi mbichi nazo ni nzuri zikinyaushwa kwanza. Alfalfa iachiwe watoto wanaokua na jike anayenyonyesha. Ina protini na kalsiamu nyingi mno kwa sungura mzima ambaye kazi yake ni kukaa.

Pili, majani mabichi, kwa konzi. Hapa Kiambu tumebarikiwa: matawi ya viazi vitamu, magugu kama mukengeria, na muceege ukiwa bado mchanga, terere, majani ya karoti, na sukuma wiki kidogo. Changanya aina mbili au tatu ambazo ameshazizoea. Kabichi iwe chache, kwani huleta gesi. Majani ya kando ya barabara kuu yana vumbi na moshi, na ya shambani huenda yamepuliziwa dawa juzi. Uliza kabla ya kukata, kisha osha.

Tatu, peleti, kwa kipimo. Sungura mzima asiye na mimba wala asiyenyonyesha anatoshwa na gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo 4 apate gramu 100 kwa siku, basi. Watoto wanaokua na majike wanaonyonyesha huhitaji zaidi. Kwenye lebo tafuta nyuzi zisizopungua asilimia 18 na protini ya asilimia 16 hivi, alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tarehe ya kutengenezwa.

Nne, maji. Ipo imani kwamba sungura hanywi maji, eti majani yanamtosha. Imani hiyo imeua wengi. Sungura huhitaji mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na anayekula nyasi kavu na peleti huhitaji zaidi ya anayekula majani. Yule wa kilo 4 anaweza kumaliza nusu lita. Bila maji chakula hukauka tumboni na mwendo wake husimama.

Vitu vitamu viwe zawadi. Kipande cha karoti au cha ndizi kisichozidi ukubwa wa kidole gumba kinatosha. Na kwa kuwa sisi ni majirani wa mashamba ya mananasi ya Thika, niseme na hili: wapo wanaomnywesha sungura juisi ya nanasi wakiamini huyeyusha manyoya aliyoyameza. Kimeng'enya kilichomo katika nanasi hakiyeyushi nywele. Kinachosukuma manyoya yatoke ni nyasi na maji. Juisi ile inabaki kuwa sukari tu.

Kisha kuna vitu ambavyo havifai kabisa. Msichanganye viazi viwili: matawi ya ngwaci, yaani viazi vitamu, ni chakula kizuri, lakini majani ya waru, viazi vya kawaida, ni sumu, sawa na majani ya nyanya. Majani na tunda la parachichi ni sumu pia, na miparachichi imejaa katika ploti zetu. Angalieni mahali mnapoegesha kizimba. Utomvu wa kariaria, ule mmea wa ua, huunguza kinywa. Vitunguu, maharagwe makavu mabichi na chokoleti vikae mbali.

Nafaka yenye ukungu msimpe mnyama yeyote. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliwashika watu 317 nchini, na 125 kati yao wakafa. Wilaya zilizoguswa zaidi zilikuwa Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Kwa hiyo si habari ya mbali. Mahindi ambayo tunaogopa kuyasaga tusiyageuze kuwa chakula cha sungura.

Mambo manne yanayobadilisha chakula

Mvua. Mvua ndefu huja Machi hadi Mei, za vuli huja Oktoba hadi Desemba. Sungura amekaa miezi miwili akila nyasi kavu, kisha katika wiki moja kila mahali pamechipua. Mtoto anarudi na gunia la majani mororo yanayodondosha maji, na mzazi anafurahi kwamba leo hatununui kitu. Majani hayo yana maji mengi na sukari, nyuzi chache. Hiyo ndiyo wiki ya matumbo kufura. Dawa yake haina gharama: kata jioni, tandaza kivulini kwa tabaka jembamba, mpe kesho yake yakiwa yamenyauka. Usiyarundike, kwani yakirundikwa hupata joto na kuchacha. Anza na konzi moja, na zile nyasi kavu ziendelee kuwepo.

Shule. Jambo hili halitajwi sana, nalo ni kubwa. Katika nyumba nyingi anayekata majani ni mtoto. Shule zikifunguliwa Januari, mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, na mwishoni mwa Agosti, anayesoma bweni huondoka, na anayesoma kutwa hurudi giza limeingia. Baba au mama anarithi sungura asiyemjua. Anafanya lililo rahisi: anapitia agroveti, ananunua peleti, anajaza bakuli. Jumapili sungura alikuwa wa majani, Jumatatu ni wa peleti tupu. Wazazi, kalenda ya shule mnayo. Wiki mbili kabla ya kufungua, nunueni robota la nyasi na mwanze kuchanganya peleti mtoto akiwa bado nyumbani, yeye mwenyewe akiangalia. Na mtoto arudipo likizo na gunia lake la majani, mambo yaende polepole vilevile.

Bei. Chakula cha viwandani hupanda bei, na mwenye mfuko mdogo hununua kwa kupimiwa. Leo kilo mbili kutoka gunia la kiwanda hiki, wiki ijayo kilo mbili kutoka gunia la kiwanda kingine, rangi ile ile, jina lile lile: chakula cha sungura. Ndani yake mchanganyiko ni tofauti, na tumbo hutambua hata kama macho hayakutambua. Muulize mwuzaji gunia limetoka kiwanda gani. Majirani watatu au wanne wanaweza kuchanga wakanunua gunia moja, wakagawana. Wote wanapata bei nzuri na chakula kisichobadilika.

Bei hiyohiyo huwasukuma wengine kwenye chakula cha kuku. Nawasihi msifanye hivyo. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya ganda la yai. Sungura huhitaji chini ya asilimia 1. Mwili wa sungura hufyonza kalsiamu nyingi ya chakula chake na kuimwaga ile ya ziada kwa mkojo. Ikizidi, mkojo huwa mzito kama chokaa na vijiwe hufanyika kibofuni. Tena chakula cha kuku kina nyuzi chache mno, na baadhi yake hutiwa dawa za kuzuia vimelea vya koksidia ambazo ni sumu kwa sungura, kama narasin. Ni heri sungura akose peleti kabisa akabaki na nyasi safi, kuliko kujazwa chakula cha kuku.

Safari. Sungura amenunuliwa sokoni, amewekwa kwenye katoni, amepanda matatu, amefika nyumba mpya yenye mbwa na watoto sita wanaotaka kumshika. Amekwisha kushtuka. Jioni anapewa chakula ambacho hajawahi kukionja. Mambo mawili mazito kwa siku moja, na wiki haiishi akiwa hai. Ukinunua sungura, nunua na chakula chake. Mwombe mwuzaji akupimie cha siku tano, hata kama kwako umejaza stoo. Ndivyo ilivyo pia unapohama nyumba, au Desemba unapokwenda mashambani na kumwachia jirani. Mwachie jirani chakula kilichopimwa katika mifuko midogo, mmoja kwa siku moja, na umkataze kwa heshima asimwonee huruma kwa mabaki ya chapati.

Siku kumi

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Chukua sungura wa gramu 100 kwa siku. Siku 3 za kwanza mpe gramu 75 za peleti za zamani na 25 za mpya. Siku 3 zinazofuata, 50 kwa 50. Siku 3 tena, 25 za zamani na 75 za mpya. Siku ya 10, mpya tupu. Piga hesabu uone: mpango mzima unakula chakula cha zamani cha siku nne na nusu tu. Kwa hiyo kanuni ya nyumbani ni nyepesi: usiache gunia likafika chini ya akiba ya siku tano kabla ya kununua lingine.

Katika siku hizo nyasi zisibadilike. Ikiwa lazima zibadilike nazo, maliza kwanza peleti, pumzika wiki, ndipo uanze nyasi. Usimbadilishie chakula wiki unayomwachisha mtoto kunyonya, wala wiki ya kumhamisha kizimba, wala akiwa anaugua. Jambo moja kwa wakati mmoja.

Jani jipya nalo lina utaratibu wake. Mpe aina moja pekee, kiasi cha jani moja dogo, kisha tazama choo hadi kesho. Kikiwa kigumu na cha mviringo kama kawaida, ongeza. Kikiwa laini, liondoe jani hilo na umwache na nyasi na maji. Watoto waliotoka kunyonya waanzishwe majani mabichi kwa tahadhari kubwa zaidi, aina moja moja, baada ya kutulia kwenye nyasi.

Vipi akigoma kula peleti mpya? Wapo wanaosema, mnyime, njaa itamfunza. Kwa mbuzi huenda. Kwa sungura njaa haifunzi, inaua, kwa sababu matumbo yake yanatakiwa kusukumwa na chakula kila wakati. Akigoma, rudi hatua moja nyuma, kaa hapo siku tatu, kisha jaribu tena. Na jihadhari na michanganyiko ya nafaka, mbegu na vipande vya rangi inayouzwa kwa sura nzuri. Sungura huchagua vitamu akaacha vyenye nyuzi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliofuatilia sungura waliolishwa michanganyiko hiyo bila nyasi walikuta unene na matatizo ya meno. Peleti zinazofanana zote humnyima nafasi ya kuchagua, ndiyo maana ni bora.

Dalili na dawa

Kila asubuhi, kabla ya kumpa chakula, angalia mambo matatu: kama jana alikula, kama alikunywa, na choo chake kikoje. Choo kikiwa kidogo na kichache, au kimefungwa kwa kamasi, au ni maji, sungura amejikunyata pembeni, anasaga meno, tumbo limekaza, hapo usingoje. Sungura ambaye hajala wala hajatoa choo kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura. Mpigie daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Wakati unamngoja, ondoa peleti na majani mabichi, bakiza nyasi na maji, mweke mahali pakavu penye joto la wastani.

Msifungue kabati la dawa za watu. Amoksilini na jamii nzima ya penisilini ikipitia kinywani huua bakteria wema wa utumbo kipofu, na kuwaachia uwanja wale wa sumu. Dawa iliyomponya mtoto koo inaweza kumuua sungura wake. Hilo ni kweli kwa hamsta na kwa simbilisi pia.

Wadogo wasiofanana

Niliahidi kuwagusia jamaa wengine. Simbilisi, ambao Wakongo wa Kivu wanawafuga jikoni na kuwaita simbiliki au dende, hula nyasi kama sungura. Lakini sungura hujitengenezea vitamini C mwilini, simbilisi hawezi, kama sisi wanadamu tusivyoweza. Anahitaji majani mabichi kila siku. Ukimweka kwenye peleti za sungura na nyasi kavu pekee, wiki chache tu viungo vitamuuma na fizi zitatoka damu.

Hamsta naye si mla nyasi. Anakula nafaka, mbegu, mboga kidogo na protini kidogo ya wanyama, na meno yake yanayokua daima ni yale ya mbele tu. Shida yake ni kwamba hubeba chakula mashavuni na kukificha. Bakuli likiwa tupu haina maana amekula. Mwenye kumbadilishia chakula lazima achungulie ghala lake, aone kama kile kipya kimeliwa au kimehifadhiwa tu.

Na yupo panya buku wetu wa Afrika, mwenye mashavu ya namna hiyo. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Buku aliyeitwa Magawa aligundua mabomu zaidi ya 100 huko Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Ujira wao kazini ni kipande cha ndizi au karanga, kidogo kidogo, baada ya kazi. Ndizi pale ni mshahara, haikuwekwa iwe mlo. Nasi tuwape wanyama wetu vitu vitamu kwa hesabu hiyo.

Ombi

Ndugu zangu, sikuja kuwauzia chakula wala dawa. Ninaomba mambo manne, moja kwa kila jambo nililolitaja. Kwa ajili ya mvua, pawe na kivuli cha kunyausha majani. Kwa ajili ya shule, tarehe za kufungua ziandikwe karibu na kizimba, na maandalizi yaanze wiki mbili kabla. Kwa ajili ya bei, majirani wachange gunia moja, na akiba ya siku tano isiguswe. Kwa ajili ya safari, sungura asihame bila chakula chake.

Na daftari la kizimba alishike mtoto. Aandike chakula alichotoa, kipimo chake, na choo alichokikuta asubuhi. Walimu walio hapa, mtaona kwamba humo mna sayansi, hesabu na uandishi kwa pamoja. Mzazi atajua la kufanya mtoto akienda shule, na daktari wa mifugo akiitwa atakuwa na mahali pa kuanzia. Anzeni leo jioni, kwa kuangalia tu gunia lililopo limebakisha siku ngapi.